Barua Zilizokwenda kwa Ndete

Jumatatu saa tatu asubuhi kompyuta ilimwambia Koki kwamba hajawahi kuwako. Haikumwambia kwa ukali. Iliandika tu, kwa herufi ndogo zenye adabu, kwamba hakuna barua pepe iliyopatikana kabla ya mwezi wa tano mwaka huu. Koki alikuwa na miaka kumi na mmoja katika stoo ya ghala lile la vifaa vya hospitali, lakini kwa hesabu ya kompyuta alikuwa mtoto mchanga wa miezi mitano.

Mapajani alikuwa na karatasi aliyopewa asubuhi hiyo, barua ya kumtaka ajieleze. Ilisema kwamba miaka miwili iliyopita yeye, karani wa stoo, alitoa mashine moja ya oksijeni kwa kliniki ya kanisa kule Kayole bila ruhusa ya mkubwa wake. Alhamisi saa nne afike mbele ya kamati. Akishindwa kuonyesha ruhusa, atafutwa kazi.

Alipoisoma mara ya kwanza Koki alicheka, kwa sababu ruhusa alikuwa nayo. Jioni ya kuitoa mashine aliomba kwa barua pepe, na kwa barua pepe akajibiwa. Ndipo alipotafuta, na kicheko kikamwishia mdomoni.

"Umetafuta kwa jina gani?" akauliza Kiema, mwenzake wa meza ya pili, mwanamume mnene aliyependa kula njugu akiwa kazini.

"Jina langu. Kwani nitafute la nani?"

Kiema akaziacha njugu. Akasogeza kiti karibu na kushusha sauti. "Koki, wakati huo hatukuwa na majina. Sisi sote tulikuwa Ndete."

Na kweli walikuwa Ndete. Kampuni iliwapa watu wanne wa stoo kompyuta moja, ikaifungulia akaunti kwa jina la karani mkubwa, Mzee Ndete. Neno la siri liliandikwa kwenye kipande cha karatasi kikabandikwa chini ya kibodi, nao wote wakalitumia: Ndete mwenyewe, Koki, Kiema na Nduta. Zamu ikiisha, anayetoka alijiandikia barua kwa anwani hiyohiyo ili anayeingia aisome. Ukitaka mtu ajue ni nani hasa anayezungumza, uliweka jina lako chini. Ndete alipostaafu miaka mitatu iliyopita hakuna aliyebadilisha kitu. Mwenye nyumba alihama, wapangaji wakabaki na jina lake mlangoni. Mpaka leo kuna wateja wanaomtumia Mzee Ndete kalenda kila Krismasi.

Mwezi wa tano mambo yakawa mapya. Kila mtu alipata kompyuta na anwani yake, na barua zote za zamani zikahamishiwa kwenye hifadhi ya makao makuu. Siku ile watu wa stoo walifurahi kama watoto waliopewa viatu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza barua za zamani zimehamia kwa nani.

Everline wa IT alishuka stoo saa sita, akaketi kwenye kiti cha Koki, akabonyeza mara tatu nne.

"Hazijapotea," akasema. "Ziko salama kabisa. Zimeenda kwa mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi."

"Kwa system, mwenyewe ni Bwana Ndete. Hifadhi haifunguliwi ila mwenye jina akubali kwa maandishi. Hiyo ni sheria, mama, si roho mbaya yangu."

"Lakini Everline, wewe unajua sisi tulikuwa..."

"Wacha!" Everline akainua kiganja. "Usimalize. Ukiniambia mlikuwa mnashare password, lazima niandike ripoti. Na kushare password ni kosa la kufutwa, liko ukurasa wa pili wa kitabu cha sheria. Mimi sijasikia kitu." Akaondoka haraka, na Koki akaona kwamba msichana yule alikuwa amemwonea huruma na kumwogopa kwa wakati mmoja.

Basi ikawa hivyo. Ili aonyeshe kwamba hakutoa mashine bila ruhusa, ilibidi aungame kwamba miaka yote alikuwa akiingia kwa jina la mtu mwingine. Akwepe kosa moja kwa kukiri la pili.

Wakati wa chakula Kiema na Nduta walimngoja nyuma ya ghala, karibu na mbao za kupakia mizigo. Nduta, mwanamke mdogo mwenye watoto wawili na sauti ya kwaya, alikuwa tayari ameanza kulia.

"Mama Lorraine, sikuombei mabaya," akamwambia Koki, akimwita kwa jina la bintiye. "Lakini ukifungua hiyo kitu, watatuona sote humo ndani."

"Si utafute njia ingine?" Kiema akasema bila kumtazama. "Uombe msamaha tu. Wakubwa hupenda kuombwa msamaha."

"Niombe msamaha kwa kosa ambalo sikufanya?"

Kiema alimpa njugu, naye akazikataa, na huo ulikuwa ugomvi wao wa kwanza tangu wajuane.

*

Nyumbani kwao ni mtaa wa Tena, ghorofa ya tatu, vyumba viwili. Mumewe, Muriuki, ni fundi wa sofa. Kibanda chake kando ya barabara kilibomolewa upanuzi ulipokuja, na tangu hapo anashonea kwenye kituo cha ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, huku majirani wakipita kwa ubavu na kusonya. Jioni hiyo Koki alimkuta anabishana na mlinzi wa jengo.

"Nimeambiwa hadi Ijumaa uondoe hivi vitambaa, fundi. Si mimi. Nimetumwa."

"Nimekusikia, ndugu. Nimekusikia tangu wiki jana," Muriuki akajibu kwa upole wa mtu aliyezoea kufukuzwa. Alipomwona mkewe alitabasamu, kisha akauona uso wake na tabasamu likaondoka.

Koki alimweleza wakiwa jikoni, akimenya viazi. Lorraine, binti yao wa kidato cha tatu aliyekuwa amefunga shule, alisikiliza kutoka sebuleni huku akijifanya anasoma.

"Mathe, si umwambie tu huyo Ndete akupe access?" akadakia. "Dakika mbili, imeisha."

"Huyo Ndete ana neno na mimi," Koki akasema.

"Neno gani?" Muriuki akauliza.

Koki akaendelea kumenya. Alikuwa hajawahi kumwambia mtu. "Siku yake ya mwisho, mlinzi wa lango alimfungulia katoni yake. Akapanga vitu chini mbele ya watu, kikombe chake, malapa yake, vile vijiko vya mti anavyochonga. Kama mwizi, baba Lorraine, mtu wa miaka thelathini kazini. Mimi nilikuwa dirishani. Aliinua macho akaniona. Sikushuka."

"Kwa nini?"

"Niliogopa. Kumtetea mtu anayeondoka kunasaidia nini, na mimi ninabaki?" Alisema hivyo na machozi yakamtoka, si kwa vitunguu, maana alikuwa hajavigusa bado.

Muriuki akamwondolea kisu mkononi, akamenya yeye. Aliogopa pia, na hakuona haya kuogopa. Kazi ya Koki ndiyo iliyokuwa inawaweka katika nyumba hiyo. Na karani aliyefutwa kwa kutoa mali bila ruhusa, ghala gani lingine Nairobi litampokea?

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema mwishowe. "Nenda kesho. Na huko kwa kamati usifiche kitu. Mficha uchi hazai."

"Na Kiema? Na Nduta?"

"Kiema na Nduta nao wana midomo yao. Wewe tumia wako."

*

Mzee Ndete aliishi mtaa wa Fedha kwa binti yake, nyumba ya chini yenye ua mdogo wa saruji. Koki alimkuta uani Jumanne jioni, ameketi kwenye kigoda, amezungukwa na mabaki ya mti. Alikuwa anachonga twiga. Hakuinuka.

"Karibu. Kaa hapo, ukiweza kukaa kwa takataka. Binti yangu analalamika kila siku kwamba nimemgeuzia Fedha kuwa Wamunyu, kule kwa wachonga vinyago."

Koki alikaa, akamweleza yote bila kuruka. Kila alipotaja jina la Ndete, mzee alizidi kupunguza mwendo wa kisu, mpaka kikasimama.

"Ngoja nielewe," akasema. "Mimi niko hapa, nachonga twiga. Na jina langu liko huko ghalani, linaagiza glavu?"

"Ndiyo, mzee."

"Linatoa mashine? Linajibu wateja?"

"Kila siku. Mpaka mwezi wa tano."

"Miaka mitatu kasoro!" Mzee akapiga goti. "Jina langu limefanya kazi miaka mitatu bila likizo! Na kama lingeiba je? Polisi wangekuja kumchukua nani? Wewe? Wangekuja hapa Fedha, wanichukue mbele ya wajukuu." Hakuwa akitania tena. "Nililichunga jina hilo miaka thelathini, Koki. Ninyi mkalivaa kama aproni."

Koki alijua ni kweli. "Nisamehe kwa hilo," akasema. "Na nisamehe kwa siku ile ya katoni. Nilikuona. Nilipaswa kushuka."

Mzee akarudia twiga wake. Akaichonga shingo yote. Koki alidhani mazungumzo yamekwisha, akatoa karatasi ya idhini aliyokuwa amepewa na Everline na kuiweka juu ya magoti ya mzee, na kalamu juu yake.

"Siwezi kutia sahihi kitu ambacho sijakisoma," mzee akasema. "Na sizungumzii karatasi hii. Nazungumzia hizo barua. Nataka nione kwa macho yangu jina langu lilifanya nini nilipoondoka. Alhamisi saa ngapi?"

"Saa nne."

"Nitakuja mwenyewe."

"Kunisaidia, mzee?"

"Nimesema nitakuja."

Koki akarudi Tena na karatasi isiyo na sahihi, asijue kama ameita wakili au shahidi wa upande wa pili.

*

Alhamisi Mzee Ndete alifika akiwa amevaa koti la kahawia na tai. Mlinzi wa lango alikuwa ni yuleyule. Alimsukumia kitabu cha wageni bila kumtazama usoni, na mzee akajiandika polepole, jina lote, herufi kwa herufi.

Mzee alipoketi karibu na mlango, chumba cha mikutano kilikuwa na watu watano. Ruqiyo, afisa wa wafanyakazi, alikaa katikati na faili mbele yake. Kulia kwake alikuwa Ng'ang'a, aliyekuwa mkubwa wa stoo siku zile na sasa yuko makao makuu, kwenye ofisi yenye zulia. Everline alikuwa na kompyuta yake. Koki alikaa peke yake upande wa pili, kwenye kiti kilichokuwa chini kidogo kuliko vingine. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani.

"Bwana Ng'ang'a," Ruqiyo akaanza, "ulimpa karani huyu ruhusa ya kutoa mashine hiyo?"

"Sikumbuki," Ng'ang'a akasema. Hakuwa mtu mbaya, na Koki alijua hivyo. "Kwa siku nilikuwa najibu barua mia. Kabla ya kuhamishwa kwa mfumo tuliambiwa tupunguze, mimi nikafuta zangu zote za zamani. Siwezi kusema niliruhusu kitu ambacho sikumbuki."

"Mama Koki, wewe unayo barua?"

Koki akasimama ingawa hakuna aliyemwambia asimame. "Iko kwenye hifadhi. Iko kwa jina la Mzee Ndete, kwa sababu nilikuwa natumia akaunti yake. Stoo nzima tulikuwa tunaitumia. Najua ni kosa. Nimeona niseme mwenyewe."

Kalamu ya Ruqiyo ikaandika. Amejimaliza, Koki aliwaza, na Nduta pamoja naye.

Mzee Ndete akakohoa. "Idhini yangu natoa," akasema. "Nilitaka kuona kwanza, lakini bila sahihi haifunguki. Binti, fungua."

Akatia sahihi. Everline akafungua hifadhi, na kwenye ukuta zikajitokeza barua za miaka mingi, zimepangwa mstari kwa mstari, zote kwa jina la Ndete. Everline akaandika tarehe. Ikaja moja, akaisoma kwa sauti.

"'Bosi, sista wa kliniki ya Kayole amepiga simu. Wana mtoto hali mbaya na mashine yao imekufa. Wanataka moja leo hii. Karatasi zao hazijakamilika. Nitoe au ningoje? Koki.'" Akashusha ukurasa. "Jibu limekuja baada ya dakika sita. 'Mama Lorraine, toa. Karatasi nitashughulikia mimi kesho. Ng'ang'a.'"

Ng'ang'a aliisoma tena ukutani, midomo ikitikisika. Akavua miwani.

"Ni yangu," akasema. "Kesho yake nilihamishiwa makao makuu. Karatasi zile..." Akamgeukia Koki, na ilionekana wazi kwamba amefedheheka. "Zilinitoka kichwani kabisa. Pole, Mama Lorraine. Pole sana."

"Hilo la mashine limekwisha," Ruqiyo akasema, akigeuza ukurasa. "Limebaki la neno la siri. Barua imetoka kwa akaunti ya mtu aliyestaafu. Sheria iko wazi."

"Basi niandikeni mimi," Mzee Ndete akasema. "Karatasi iliyo chini ya kibodi niliibandika kwa mkono wangu. Mlitupa kompyuta moja, watu wanne, zamu mbili, na jina moja. Nilimwomba aliyekuwa mkubwa wa IT atupe manne. Barua ya kuomba iko humo humo, tafuteni. Sikujibiwa. Wateja wangengoja? Kama kuna wa kufutwa kazi, nifuteni." Akanyoosha tai yake. "Nimestaafu, lakini nifuteni tu."

Everline alikuwa wa kwanza kucheka, kisha akaziba mdomo. Lakini alikuwa ametafuta, na barua ya kuomba akaunti nne ilikuwako, ya miaka mingi iliyopita, imeombwa mara mbili. Ruqiyo aliisoma mwenyewe, polepole. Halafu akafunga faili.

"Mama Koki, rudi kazini. Stoo yote itapata barua ya onyo, na onyo hilo sitaliweka kwa faili ya mtu. Everline, gawa hizo barua. Kila moja iende kwa aliyeiandika."

Koki alimfuata mzee mpaka langoni ili amshukuru. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Jina langu lilifanya kazi vizuri," mzee akasema. "Nilidhani nitakuta aibu." Akaenda zake.

Jioni Muriuki alisikia habari akiwa kwenye ngazi, sindano mdomoni. Alimwinua Koki juu ya sofa la mteja, mlinzi wa jengo akiangalia, na Lorraine akapiga vigelegele mpaka jirani wa ghorofa ya nne akauliza nani ameolewa.

*

Kugawa barua kulianza Ijumaa alasiri. Everline alizivuta moja moja, na watu watatu wa stoo wakaketi mbele yake wakidai zao. Koki alikuwa amekwisha kula njugu za Kiema, na Nduta alikuwa amemkumbatia mpaka akakaribia kumwangusha.

"Glavu, katoni ishirini?"

"Yangu," akasema Kiema.

"'Nani amekula maandazi yangu?'"

"Yangu," akasema Nduta, "na mpaka leo sijajua ni nani." Kiema akatazama dari.

Wakacheka hivyo karibu saa nzima. Walijiona humo walivyokuwa, siku Nduta alipojifungua, siku stoo ilipoingia maji, Koki akiomba ruhusa ya kwenda kumzika mamake. Kisha Everline akafika kwenye moja, akaisoma kwa sauti ya chini.

"'Ndugu zangu wa stoo. Leo ni siku yangu ya mwisho na najua mna kuhesabu mali. Sitaki kuwasumbua. Nitakuwa kantini mpaka saa kumi na moja. Nimewanunulia soda. Ndete.'" Akainua macho. "Aliyeiandika hana akaunti tena. Hii ni ya nani?"

Koki hakuwahi kuiona. Siku ile alikuwa ghalani tangu asubuhi, akihesabu mabomba ya sindano, na alipanda juu mara moja tu, jioni, akasimama dirishani.

"Mimi niliisoma kesho yake," Nduta akasema, na sauti ya kwaya ikawa imemtoka. "Nikadhani ninyi mlienda, nikabaki mimi peke yangu. Niliona aibu kuuliza."

"Mimi niliikuta imefunguliwa," Kiema akasema. "Nikasema, basi, wenzangu walikuwa naye."

Wakatazamana. Hakuna aliyekwenda. Mzee alikaa kantini na soda za watu watatu mpaka saa kumi na moja, ndipo akabeba katoni yake kwenda langoni. Na siku tatu hizi hakuwa amelitaja hata kidogo.

"Mfumo unataka jina moja," Everline akasema kwa upole. "Niiweke kwa nani?"

"Kwangu," Koki akasema.

"Na kwangu," akasema Nduta.

"Weka na mimi," akasema Kiema. "Hata kama mfumo haupendi."

Koki alikuwa tayari ameshika simu. Iliita mara nne kabla haijapokelewa, na nyuma ya sauti ya mzee kulisikika kisu kikikwangua mti.

"Mzee Ndete, ni Koki. Tumeisoma barua yako ya kantini. Tunakuja."

Kisu kikanyamaza. "Lini?"

"Sasa hivi. Sote watatu. Soda tunaleta sisi."